Mguu wa Fundi Mkuu na Kicheko Kilichofungwa Ndani ya Pimamaji

Chande alikuwa ametoka kusema mbele ya watu, tena kwa sauti ya mtu anayetaka hata mtaa wa pili wasikie, kwamba sakafu ile imetulia kama maji ya mtungini. Kauli haijapoa, akageuka kuonyesha kwa mkono, na mkono ukalipiga birika la chai ya tangawizi.

Chai haikuhangaika kutafuta njia. Ilijikusanya kidogo pale mlangoni, kama msafiri anayefunga mzigo, kisha ikashika safari. Ikakata ukumbi katikati, ikapita chini ya kigoda cha Chande mwenyewe, ikauzunguka mguu wa meza kwa adabu, ikaenda moja kwa moja mpaka pembe ya mwisho, ikazama chini ya mkeka alioukalia Bi Tatu, mama wa bwana harusi. Heri moja tu: safari ilikuwa ndefu, kwa hiyo ilifika imepoa.

Bi Tatu alinyanyua pindo la kanga yake, akalitazama, akalikamua polepole.

"Imetulia," alisema Bi Tatu. "Naona."

Huyu Chande alikuwa mpishi wa meli kwa miaka mingi. Aliona Basra, aliona Marsei, aliona mji mmoja wa Uingereza uitwao Hull ambako, kwa maneno yake, hata jua huvaa koti. Alirudi nyumbani Pangani na kitambi, sanduku moja, na imani kwamba hakuna kazi duniani inayomshinda mtu aliyekwisha kukaanga samaki katikati ya dhoruba. Ndiyo maana dada yake Mwanaidi alipotaka kuongeza ukumbi wa harusi ya binti yake, na jirani yao Fundi Nyange alipojitolea kuja na vifaa vyake, Chande alimzuia mlangoni. "Vifaa vya nini, fundi? Jicho hili limepima mawimbi, litashindwa na saruji?" Akaimwaga sakafu mwenyewe.

Sasa jicho lile lilikuwa linatazama dari. Harusi ilikuwa Ijumaa inayofuata. Katika sakafu ile wageni wangeketi na masinia yangewekwa, na kila mwenye akili alikwisha kuona mchuzi utaelekea wapi. Ama sakafu ibaki vile na Bi Tatu aende akausimulie ukoo wake wote, ama ivunjwe, na mvunjaji hakuwa mwingine ila Chande, kwa mikono yake, juani, huku Nyange amesimama pembeni akimwelekeza.

Nyange, aliyekuwa ameketi hapohapo ukumbini, alifungua mfuko wake, akatoa pimamaji, ule ubao mfupi wenye kichupa cha kioo katikati, akaulaza sakafuni. Kile kipovu cha ndani kikakimbilia ncha moja, kikaganda huko kama mtoto aliyeona sindano.

"Kidude gani hicho?" aliuliza Bi Tatu.

"Pimamaji, mama. Waingereza huita spirit level."

"Spirit si pepo?" Mwanaidi alidakia. "Mnatia mapepo kwenye nyumba ya mwanangu?"

Hapo Chande aliona mlango umefunguka kidogo, naye hakuwa mtu wa kuusubiri mlango ufunguke wote. "Si pepo, dada. Ni kileo. Nimekaa kwao, najua. Maneno mawili wameyaunga: la kwanza kileo, la pili usawa. Baridi ya kule ikishika, maji hugeuka jiwe, sasa jiwe litapima nini? Basi kichupani wakatia kitu kisichoganda. Maji yao mpaka yalewe ndipo yaseme kweli. Ya kwetu husema kweli yakiwa macho makavu."

"Na sisi kwa nini tunasema pimamaji?" Bi Tatu aliuliza. "Mimi hapa naona kipovu tu. Hayo maji nani aliyapima?"

Chande akavuta kigoda, akakiweka upande uliokauka, akaketi. Alimtazama dada yake kwa pembe ya jicho. Mwanaidi alikuwa bado hajakunja uso kabisa.

"Hilo," alisema Chande, "lina kisa chake." Na kisa chenyewe, jinsi alivyokisimulia siku ile, kilikuwa hivi.

Zamani, wakati nyumba zilipokuwa bado zinamsikiliza fundi, na fundi hamsikilizi mtu, palikuwa na mji wa mawe ulioitwa Mtondooni. Mji mzima uliinuliwa na mikono ya mtu mmoja, Fundi Mkuu Mwinyigome. Yeye ndiye aliyejua jiwe lipi likae juu ya lipi, chokaa ilale muda gani ndani ya shimo kabla ya kutumika, na boriti ipi ina kinyongo moyoni itakuja kupinda. Watu walimpenda kwa sababu alijenga kisima cha mji kabla ya kujijengea nyumba yake.

Siku hizo sakafu haikumwagwa ikaachwa. Chokaa na kokoto zilitandazwa, kisha wanawake wa mji wakaja na vigongo vyao, wakapanga safu, wakaipiga kwa nyimbo tangu asubuhi, huku wengine wakinyunyiza maji ili chokaa ishikane. Na nyimbo zile zilikuwa na sheria yake: neno lililoimbwa juu ya sakafu mbichi halikuwa na kesi. Mke aliweza kumwimba mume, mkwe akamwimba mkwewe, na aliyeimbwa kazi yake ni kuitikia. Hasira zote za mji zilipigiwa humo, zikakaukia humo, watu wakatembea juu yake.

Sakafu ilipoonekana tayari, Fundi Mkuu alivua viatu, akaingia peke yake, akasimama katikati ameelekea kibla. Alifumba macho. Akausikiliza mwili wake: unyayo huu, unyayo ule, goti, kiuno. Kama mwili ulistarehe, alisema neno moja: "Imekaa." Hapo vigelegele vilipasua anga, na vigongo vikawekwa chini. Mtondooni haikuwa na kipimo kingine, na haikukihitaji.

Mpaka siku ambayo jiwe la kisima, alipokuwa akiukarabati ukingo wake kwa ajili ya mji, lilimteleza na kuuangukia mguu wake wa kushoto. Mguu ulipona. Ulipona vizuri sana, ila ulipona mfupi.

Nyumba ya kwanza aliyoijenga baada ya hapo, aliingia kama desturi, akavua viatu, akaelekea kibla, akafumba macho. Mwili ukamwambia kuna kasoro. "Haijakaa," alisema. "Ongezeni upande wa kushoto." Wakaongeza, wakapiga. "Bado kidogo." Wakaongeza tena. Sakafu ilipopanda kushoto kadiri mguu ulivyopungua, uso wa Mwinyigome ulikunjuka kama wa mtu aliyepewa mto wa kulalia. "Imekaa!"

Wanawake walitazamana. Vigelegele vilichelewa kidogo, lakini vilikuja. Maana nani angesema? Kumwambia fundi kwamba sakafu imepinda kulikuwa ni kumwambia kwamba yeye ni kiwete, na ukiwete wenyewe aliupata akiwahangaikia maji ya kunywa. Basi walimstahi. Na kwa vile nyumba za zamani zilichakaa na zote zilipigwa sakafu upya kwa mkono wake, haikupita miaka mingi Mtondooni yote ikawa imepanda upande wa bara, ndio kushoto kwa aelekeaye kibla, na kushuka upande wa pwani.

Binadamu ana maajabu: huzoea. Vitanda viliwekewa matofali chini ya miguu miwili. Ndimu iliyoanguka jikoni hawakuihangaikia, walijua itakuwa inawasubiri ukuta wa pwani pamoja na zile za jana. Watoto walijifunza kutambaa mlima, wakatoka na mabega kama wachukuzi. Kwenye sinia la pilau, samli yote iliteremkia upande mmoja, ikabidi iwekwe zamu ya kuketi upande huo, na ndugu waliwahi kununiana mwezi mzima kwa sababu ya zamu ya samli. Wake walilala upande wa bara na waume upande wa pwani; kabla hakujapambazuka wote walikuwa wamerundikana ukutani, na wazee wa miji ya jirani waliacha kuuliza kwa nini Mtondooni kuna watoto wengi. Mtu wa Mtondooni akisafiri, alijulikana toka mbali. Kwenye barabara iliyonyooka alitembea ameegemea upande, kama anayenong'onezwa na mtu asiyeonekana.

"Wewe si wa huko kweli?" Nyange alikatiza. "Maana sakafu hii..."

"Fundi, kisa hakikatwi," alisema Chande, akaendelea haraka.

Mwinyigome alikuwa na binti mmoja tu, Mwanasiti. Huyu alikuwa ndiye mwanzilishi wa nyimbo za sakafu, msichana wa sauti kubwa na kicheko kikubwa kuliko sauti. Kicheko chake kikianza nyumba ya mwanzo, ya mwisho walikuwa wanatabasamu bila kujua sababu. Akaposwa na kijana Shebwana, mtengeneza mitalawanda, vile viatu vya mti, wa mji wa ng'ambo ya mto, na pande zote mbili zikaridhia. Baba, kama ilivyokuwa ada, akaanza kumjengea binti nyumba. Aliijenga kama mtu anayeandika wasia. Kila jiwe alilichagua mwenyewe.

Lakini wale wa ng'ambo nao walikuwa na ada yao. Mama wa bwana harusi huja na bakuli la shaba, akalitua katikati ya nyumba mpya, akalijaza maji ya waridi mpaka ukingoni kabisa, mpaka maji yawe yanachungulia nje. Yakikaa, ndoa imekubaliwa. Yakimwagika hata tone, mama hulichukua bakuli lake, akamchukua na mwanawe, wakarudi kwao, na hapana lawama.

Mwanasiti alipoisikia ada hiyo kwa mara ya kwanza hakulala. Bakuli la kujaa mpaka ukingoni, ndani ya nyumba ya Mtondooni! Akisema, atamvunja baba moyo. Akinyamaza, atamkosa Shebwana, na baba atavunjika moyo vilevile, tena mbele ya wageni. Aliwaendea shangazi zake, wakamwambia astahimili. Aliwaendea wazee, wakamwambia kuna vijana wengine, tena wa hapahapa Mtondooni, waliokwisha kuzoea.

Siku ya kupiga sakafu ya nyumba yake ilifika. Safu zikapangwa juu ya chokaa iliyotandazwa kwa kipimo cha baba, maji yakaletwa kwa mitungi, baba akaketi kizingitini na mguu wake mfupi ameukunja. Mwanasiti akainua kigongo. Wote walingoja wimbo wa harusi. Badala yake akauelekea mtungi, akaumwaga upande wa bara, akaimba:

*Maji ee maji, mbona hukai?*
*Baba kasema kaa, nawe hukai!*
*Namwaga bara, waenda pwani,*
*Una nani huko, huketi nyumbani?*

Vigongo vilisita hewani. Shangazi mmoja alijifunika uso kwa kanga. Lakini sheria ni sheria, wimbo wa sakafu mbichi huitikiwa. Mmoja akaitikia kwa woga, "Hukai," wa pili akamfuata, na mara safu nzima ikaangusha vigongo kwa pamoja: "Hukai! Maji ee, hukai!" Miaka yote ya ndimu na matofali na zamu za samli ilitoka vifuani mwao kwa mkupuo mmoja, na maji yakawa yanateremka katikati yao kwenda pwani, bila haya, yakimeremeta.

Mwinyigome alisikiliza. Akainuka. Nyimbo zikakatika. Alitazama maji yalikotoka, akatazama yalikokwenda. Kisha akasema, "Leteni bakuli."

Likaletwa bakuli la nyumbani. Akalitua katikati kwa mkono wake, akalijaza polepole. Upande wa pwani maji yaligusa ukingo, yakaanza kuvuja. Upande wa bara yalibakisha kina cha vidole viwili. Fundi Mkuu alichutama mbele ya bakuli lile. Akalizungusha, maji hayakubadili neno. Akaweka unyayo wake wa kulia sakafuni, kisha wa kushoto. Akautazama ule wa kushoto kama mtu anayekutana na ndugu aliyekuwa akimdai salamu.

Mwanasiti alipiga magoti kando ya bakuli. "Baba," alisema, "ni wimbo tu."

"Wimbo umeuimba wewe," alisema Mwinyigome. "Haya lakini ni maji. Maji hayana shangazi, hayana mchumba, wala hayanionei haya." Akawageukia watu. "Tangu lini?"

Bibi mmoja mkongwe akasema kutoka safu ya nyuma, "Tangu kisima, fundi. Tulikustahi."

"Mlinistahi?"

"Tulikustahi sana. Mimi nalala nimejifunga kamba kitandani."

Mwinyigome alifungua mdomo ili akasirike, na kicheko kikamtangulia. Alicheka mpaka akapoteza mizani, akaanguka, na alipoanguka akabingirika taratibu kuelekea pwani, mpaka ukuta ukampokea palepale ndimu zinapopokelewa. Kuona hivyo, Mwanasiti, ambaye machozi yalikuwa yameshafika kopeni, naye akalipuka. Alikuwa ameinamia bakuli. Kicheko kile kikubwa kilitoka chote, kikaingia ndani ya maji.

"Pigeni upya!" fundi alipaza sauti akiwa bado ameegemea ukuta. "Pigeni upya sakafu yote, na asiuulize mtu mguu wangu. Kabla ya kusema imekaa, pima maji! Mmenisikia? Pima maji!"

Ikapigwa upya. Siku mama wa ng'ambo alipokuja na bakuli lake, alilijaza mpaka likachungulia, akasubiri, akalizunguka kulikagua. Halikumwagika hata tone. Shebwana, kwa kushukuru, alimchongea mkwewe jozi ya mitalawanda, wa kushoto mnene kuliko wa kulia, na Mwinyigome akaingia nyumba ya bintiye akiwa amenyooka kwa mara ya kwanza tangu kisima. Waliopata tabu ni watu wa Mtondooni. Nyumba zao ziliponyooshwa moja baada ya nyingine, walianguka ovyo, wakigongana na kuta zisizowavuta tena, na wapo waliolalamika kwamba usiku wanajikuta mbali mno na wake zao.

Fundi Mkuu hakuweza kutembea na bakuli kila mjengo. Akachota kidogo maji yaleyale ya bakuli la nyumbani, akayatia kwenye kichupa chembamba cha manukato, akakiziba kwa nta, akakipachika kwenye ubao. Na alipokitazama kwenye mwanga akaona kuna kipovu ndani. Akakitikisa, hakikutoka. Akakigeuza, kikakimbia. Ndipo akakitambua. Kilikuwa ni kicheko cha Mwanasiti.

"Na tangu siku hiyo," Chande alimalizia, akiokota pimamaji ya Nyange na kuinyanyua ili wote waione, "hakuna fundi atakayesema imekaa kabla hajayauliza maji, na kidude hiki kikaitwa pimamaji, kwa amri ya mtu aliyecheka mguu wake mwenyewe. Na kile kipovu, Bi Tatu, ndiyo maana siku zote hukimbilia upande ulioinuka. Kicheko hicho. Popote sakafu ilipojikweza, kinakwenda kuicheka. Mpaka nyumba iwe sawa, ndipo kinakaa katikati, kinatulia."

Bi Tatu alikuwa anacheka mpaka pindo la kanga lililolowa chai limemtoka mkononi. Nyange naye alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanamcheza. Chande akavuta pumzi ya kwanza nzuri tangu birika lipinduke. Aliirudisha pimamaji sakafuni kwa upole, mbali na miguu ya watu, kipovu kikakimbilia ncha ileile, naye akaisogezea mkeka kwa kidole cha mguu ili kisionekane. Alianza hata kufikiri kwamba mteremko kidogo, kwa harusi, unaweza kuwa na baraka zake, hasa kwa watoto.

Mwanaidi alikuwa ameingia ndani kitambo. Alirudi na sururu. Aliilaza mbele ya kigoda cha mdogo wake, nayo, ikiwa sururu ya mpini wa mviringo, ikaanza kubingirika yenyewe kuelekea kwa Bi Tatu. Wote waliifuata kwa macho mpaka ilipogota ukutani.

"Dada," alisema Chande, "lakini umekisikia kisa?"

"Nimekisikia. Kisa kimekaa," alisema Mwanaidi. "Sakafu haijakaa. Vunja."